Chokaa Mgongoni

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Na ninyi akina baba mliojazana pale mlangoni kama mnangoja kukimbia, njooni mbele, viti havina miiba. Leo sitawapeleka jangwani wala mlimani. Leo nawapeleka jikoni.

Naona wanaume wameshaanza kutazama saa. Jikoni kuna nini, mchungaji, si mambo ya akina mama hayo? Haya, subirini. Kabla hatujatoka humu nitawafikia hukohuko sebuleni mlikojificha.

Katika mji mmoja wa bara, mji wenye stesheni ya treni ya zamani, paliishi mwanamke na mume wake. Mtoto wao mmoja alishaolewa, yuko mbali. Huyo mwanamke tumwite Mama Tunu. Na kama humu ndani yumo Mama Tunu, si wewe, mama yangu, tulia. Nimelitafuta jina nikaliokota tu.

Nyumba yake ilikuwa ya kizamani, zile mnazozijua. Mlango mbele, sebule, ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, halafu uani. Na uani ndiko kulikokuwa na jiko. Nikisema jiko msiwaze makubwa. Kibanda cha bati, mafiga matatu, kinu, na vigoda viwili, kimoja mguu mbovu. Moshi, usiseme. Mgeni akitoka pale unadhani katoka msibani, macho mekundu na kamasi juu.

Lakini watu! Jamani, watu walijaa pale kila siku ya Mungu. Kwa sababu uani palikuwa na mlango wa nyuma, mlango wa mbao usio hata na komeo la maana, unaotokea uchochoroni. Huyu kaja kuomba chumvi. Yule kaja na kigae kuchukua kaa la moto. Mwingine kaja na mchele wake kwenye ungo auchambulie hapo, kwa sababu nyumbani kwake kupweke. Wote wanapiga hodi wakiwa wameshaingia. Aliyekosa kigoda anapindua ndoo, aliyekosa ndoo anachuchumaa, na maneno yanakwenda, vicheko vinakwenda, mboga inaungua na hakuna anayejali.

Na wa kwanza kuingia, asubuhi na jioni, alikuwa mama yake mzazi Mama Tunu. Bibi huyo alikuwa mjane, amepanga chumba nyumba ya tatu upande wa pili wa uchochoro. Alikuwa akifika anakaa kwenye kile kigoda chenye mguu mbovu, maana ndicho alichokizoea, anakamata kisamvu anaanza kukitwanga bila kuambiwa. Binti anapika, mama anatwanga, wanasemana, wanachekana. Mama Tunu alikuwa na tabia ya kuongea peke yake akipika. Anaigombeza sufuria, anausuta moto, anauliza kijiko kimekwenda wapi. Mama yake alikuwa akimjibu kwa niaba ya sufuria. "Usinifokee, nimechoka kukaa motoni." Basi wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Sasa sikilizeni jambo moja, kwa sababu mfano wote umekaa hapa. Kwa watu wa kwao, na wengi humu ni wa kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawakai chumba kimoja. Hawali pamoja. Wakikutana njiani kila mmoja anatafuta pa kutazama, huyu mbinguni, yule kwenye kandambili zake. Si ugomvi hata kidogo, ni heshima, tena ya kupendana. Ndiyo maana bibi yule, miaka ishirini na ushee, hakuwahi kukanyaga sebule ya binti yake. Mkwe anakaa mbele, yeye anapita nyuma. Kila mtu na njia yake, na amani tele.

Lakini moshi ulikuwa ukimwumiza bibi macho. Mama Tunu akawa anamwona mama yake anajifuta kwa pembe ya kanga, anajifuta, anajifuta, na moyo unamuuma. Halafu siku moja akaenda harusini mji mwingine, akafikia kwa mtu mwenye jiko la kisasa. Jiko la ndani! Vigae vinang'aa, kuna meza ndefu ya zege, na viti virefu vimepangwa, watu wamekaa wanamwangalia mpishi, wanakunywa chai, wanazungumza. Hakuna moshi. Mama Tunu hakulala. Aliporudi akamwambia mume wake, "Baba Tunu, nataka jiko la watu. Jiko ambalo mama yangu atakaa kama malkia, na majirani wote waje, na hakuna atakayelia machozi ya kuni."

Je, kulikuwa na ubaya hapo? Niambieni. Kuna dhambi gani kumtakia mama yako mema? Hakuna. Nami ndiyo maana nauleta mfano huu kwenu, kwa sababu ninyi si wabaya. Wabaya nitawahubiria siku nyingine.

Fundi akaitwa. Akapima, akakuna kichwa, akasema, "Mama Tunu, nafasi ni moja tu, uani. Tuezeke uani pote, tupafanye jiko. Na meza yako ya zege na sinki vitakaa ukuta wa nyuma. Sasa huu mlango wa uchochoroni itabidi tuuzibe."

"Uzibe."

"Na bibi atapitia wapi?"

Mama Tunu akamkata jicho. "Fundi, mama yangu ndiye wa kupita uchochoroni kama mwizi wa kuku? Atapita mlango wa mbele, kama mgeni wa heshima."

Fundi akaanza kufunga kamba zake za kupimia. Fundi kazi yake ni matofali.

Jioni ile bibi alikuja kama kawaida, akakuta kamba za fundi zimefungwa huku na huku. Akazitazama. Akauliza neno moja tu. "Na mlango?"

"Utapita mbele, Mama. Sebuleni siku hizi kuna kapeti."

"Sebuleni anakaa mkwe."

"Mkwe mwenyewe hana neno, Mama! Nimemwuliza, kasema upite tu."

Bibi akatabasamu. "Najua hana neno. Mimi ndiye mwenye neno."

Mama Tunu akacheka, akasema haya mambo ya kizamani, Mama, dunia imebadilika, utazoea. Na bibi hakusema tena. Wazee wetu wana ugonjwa huu, wakisema jambo mara moja wanadhani limesikika. Nasi tuna ugonjwa wetu, jambo lisiporudiwa mara tatu tunadhani limekwisha.

Jiko likajengwa. Ndugu zangu, lilikuwa jiko! Vigae vyeupe mpaka juu, makabati, gesi, taa tatu zimening'inia juu ya meza, rangi ya mafuta ukutani. Rangi ya mafuta ikaishia ndani. Upande wa nje, kule uchochoroni, wakapaka chokaa, maana nani anatazama uchochoroni? Juu ya sinki wakaweka kidirisha cha vioo vya kufungua na kufunga. Viti virefu sita vikapangwa. Na cha saba hakikuwa kirefu. Kilikuwa kiti cha mikono, kina mto na mgongo laini, na Mama Tunu mwenyewe alikifumia kitambaa. Hicho ni cha mama. Ukikisogelea anakufokea, "Hapo pana mwenyewe!"

Siku ya kufungua jiko alipika pilau, akawaalika wote. Majirani wakaja. Kwa mlango wa mbele, viatu chungu nzima kizingitini, wakapita mstari mmoja sebuleni mbele ya televisheni na mbele ya mwenye nyumba, "Shikamoo baba, samahani baba, tunapita baba." Wakafika jikoni wakapandishwa kwenye viti virefu, miguu inaning'inia, wameshika vikombe kwa vidole viwili wasivunje. Wakasifia. "Hongera, Mama Tunu, umejenga." Wakala, wakashukuru, wakaondoka mapema. Nani anaomba chumvi akiwa amevaa nguo ya kutokea? Nani anapita sebuleni kwa watu na kigae cha moto mkononi? Kesho yake hakuja mtu. Wala kesho kutwa.

Na bibi je? Bibi alijitahidi. Huo ndio ukweli, na mtu asije akasema hakujitahidi. Siku ileile alivaa kanga mpya, akazunguka mtaa mzima kwa miguu yake ile ya uzee, akatokea barabarani, akafika mlango wa mbele. Akatupa jicho ndani. Mkwe wake amejinyoosha kwenye kochi, yuko na fulana ya ndani, miguu juu ya stuli, anatazama mpira. Mkwe akamwona. Akaruka kama kaona nyoka, akasimama, akaugeukia ukuta. Bibi naye akajifunika kanga usoni. Wakabaki hivyo, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama kizingiti, kila mmoja anangoja mwenzake aondoke ili asimkosee heshima. Aliyeondoka ni bibi. Mnacheka? Chekeni. Hata mimi nilipoutunga mfano huu nilicheka hapo.

Kuanzia siku ile bibi hakukanyaga tena. Mama Tunu alingoja wiki, akangoja mwezi. Kiti kina mto, kitambaa kinapigwa pasi kila Jumamosi, mwenyewe haji. Ikamwuma. Na maumivu yakikaa muda mrefu bila kuulizwa, mnajua yanageuka kuwa nini. Yaligeuka hasira. "Nimemjengea mama jiko, anaringa. Majirani nao wamenionea kijicho. Basi, asiyetaka na asije." Akawa anapika peke yake, chini ya zile taa tatu, na bado anaongea peke yake. Anaigombeza sufuria, anakitafuta kijiko. Hakuna wa kumjibu.

Chakula lakini alimpelekea, tusimsingizie. Kila jioni alifunga hotpoti, akatoka mbele, akazunguka, akampelekea mama yake chumbani. Anaweka, anauliza hali, anaondoka, kwa sababu roho ilikuwa na kinyongo. Siku moja bibi akamwambia, "Jiko lako zuri, mwanangu."

"Umelionea wapi, nawe hujaingia?"

"Nalisikia."

Mama Tunu akadhani anasikia kwa majirani. Akaguna tu. Na alipogeuka kutoka akaona kanga ya mama yake imejaa weupe, mgongo mzima. Akamkung'uta. "Mama, umeegemea wapi wewe? Tazama chokaa hii!"

"Ukutani."

"Ukuta gani?"

"Aa, mwanangu, kuta ni kuta. Nenda, mumeo anangoja chakula."

Akaenda. Ndugu zangu, alikwenda. Alikung'uta chokaa kwa mkono wake mwenyewe, akajipangusa, akaenda zake.

Na siku nyingine, hii ilikuwa wakati wa baridi, Mama Tunu yuko kwenye sinki anaosha mchele, akasikia kikohozi nje, chini ya kidirisha chake. Kikohozi kikavu, mara mbili, mara tatu. Siku hiyo alikuwa ameamka vibaya. Akapaza sauti bila hata kuchungulia, "Nani huyo anakohoa dirishani kwangu? Kwenu hamna pa kukaa? Tokeni hapo!" Akafunga vioo. Kikohozi hakikusikika tena, siku hiyo wala siku zilizofuata.

Miezi kumi ikapita namna hiyo. Halafu bibi akashikwa na homa. Siku tatu tu. Mama Tunu alihamia kule chumbani, akamkanda kwa maji, akamwuguza kwa mapenzi yote, na bibi akafa kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake. Hapo katikati ya homa alisema jambo moja, alisema, "Mchele unaungua, Mama Tunu." Mama Tunu akamwambia, "Hakuna mchele hapa, Mama, pumzika." Alidhani ni homa inayosema.

Msiba ukawekwa kwa binti. Akina mama wakaja na masufuria yao makubwa na kuni zao kichwani, na kwa kuwa uani hapakuwepo tena, wakapiga mafiga mbele ya nyumba, kando ya barabara, chini ya turubai, vumbi linawaingia, magari yanapita. Mama Tunu akawaomba waingie jikoni, gesi ipo, maji yapo, nafasi ipo. Mmoja mtu mzima akamshika mkono. "Mwanangu, tutakuchafulia vigae. Wewe kaa, ulie." Kwa hiyo msiba mzima ulipikiwa barabarani, na jiko la watu limekaa ndani linang'aa, halina mtu.

Tanga likaanuliwa. Ndugu wakakaa kugawana nguo za marehemu, kama tunavyofanya. Sanduku likafunguliwa, Mama Tunu akatoa kanga ya kwanza. Ina weupe mgongoni. Akatoa ya pili. Weupe palepale. Ya tatu, ya nne, hata ile mpya ya siku ya pilau. Zimefuliwa, zimekunjwa vizuri, na kila moja ina doa la chokaa ambalo halikutoka. Akabaki amezishika. Akazitazama kwa muda mrefu, mpaka wenzake wakamwuliza una nini.

Akainuka, akaacha watu sandukuni, akaingia uchochoroni, mahali ambapo hakuwa amepita tangu ule mlango uzibwe. Miezi kumi na ushee. Yeye njia yake siku hizo ilikuwa barabarani.

Akafika nyuma ya nyumba yake. Ukuta mweupe wote, isipokuwa mahali pamoja. Palepale palipokuwa na mlango, chini ya kidirisha, chokaa imebanduka mpaka tofali linaonekana. Si juu, ni chini, kimo cha mgongo wa mtu aliyekaa. Na pale chini, kimeegemezwa ukutani, kuna kigoda. Ana macho, anakijua. Mguu mmoja mbovu. Siku ile fundi alipokuwa anatupa vitu vya uani, bibi alikiokota.

Mama Tunu akakaa. Akaegemea, mgongo ukaingia mahali ulipokuwa mgongo wa mama yake. Na akasikia. Alikuwa ameacha sufuria jikoni. Akasikia maji yanachemka, akasikia mfuniko unacheza, akasikia gesi inavyovuma, yaani kama yuko ndani. Halafu akasikia mume wake anaingia jikoni, kandambili zinaburura kwenye vigae, anaita, "Mama Tunu? Mchele unaungua huku!"

Mchele unaungua. Mnakumbuka?

Akajibu kwa sauti ndogo, "Niko nje." Mwanamume akaizima gesi, akatoka mbele, akazunguka mtaa, akatokea kwenye mdomo wa uchochoro. Na pale mdomoni akasimama. Hakusogea. Mke wake akamtazama, akaelewa kitu kutokana na jinsi alivyosimama.

"Baba Tunu. Ulikuwa unajua?"

Mwanamume akainamisha kichwa. "Nilikuwa namwona. Nikitoka kazini stesheni nilikuwa nakatisha njia hii. Nikimkuta ameketi pale, miguu kainyoosha, nilikuwa nageuzia hapahapa niliposimama, nazunguka barabarani. Mkwe ameketi chini, nimpiteje?"

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Na hukuniambia."

"Nilijua unajua!" akasema yule mwanamume. "Nilikuwa nakusikia wewe unaongea huko ndani, na yeye hapa nje anakujibu. Unasema kijiko kiko wapi, yeye anasema kiko mkononi mwako. Anacheka, anaziba mdomo kwa kanga. Kikohozi kikimjia anaziba mdomo vilevile. Nikadhani mnazungumza. Nikasema moyoni, afadhali, wamepata njia yao."

Ndugu zangu. Mama Tunu alilia pale chini kilio ambacho hakulia makaburini. Kwa sababu makaburini alimlilia mama aliyekufa. Pale ukutani alimlilia mama aliyekuwa hai, miezi kumi, hatua mbili kutoka kwake, unene wa tofali moja. Alikikumbuka kile kikohozi alichokifukuza dirishani. Akawa anausugua ukuta kwa kiganja, anasema, "Karibu, Mama. Ingia. Mama, ingia."

Mtaniuliza, mchungaji, ukuta aliuvunja? Aliuvunja. Aliitwa fundi yuleyule, meza ya zege ikakatwa, sinki likahamishwa, mlango wa mbao ukarudi mahali pake. Hakuuliza gharama. Na majirani wakaanza kurudi, mmoja na chumvi, mmoja na ungo. Vile viti virefu viliishia chumba cha stoo, watu wanakaa kwenye ndoo. Jiko limechangamka, ukipita uchochoroni unasikia vicheko. Ila kile kiti chenye mto hakikaliwi. Na Mama Tunu akiongea na sufuria, hutulia kidogo kwanza, anasikiliza, halafu ndipo anaendelea.

Sasa na tuzungumze sisi.

Wengi mlikuwa mnamkasirikia Mama Tunu. Nimewaona, akina mama wa safu ya tatu mmekuwa mnatikisa vichwa. Mwacheni Mama Tunu. Yeye alijenga kwa upendo. Tatizo lake ni kwamba alijenga mahali pa kukaa, akasahau pa kupitia. Alimtafutia mama yake kiti, na mama yake alikuwa na kiti tayari, chenye mguu mbovu, alichokuwa anakipenda. Alichohitaji ni mlango. Sisi je? Tumewawekea wazazi wetu nini? Wengine mmejenga nyumba nzuri sana, mnasema baba ana chumba chake, kina kitanda na neti, lakini haji. Mnasema mzee mkaidi. Umewahi kumwuliza anapitia wapi kukifikia hicho chumba? Anapita kwa mlinzi anayemwuliza jina? Anapita kwa mwenzi wako anayenuna? Anapita kwa wajukuu wasiosema lugha anayoijua?

Na akina baba, niliwaambia nitawafikia. Baba Tunu alikosea wapi? Mtu mwenye adabu! Hakumvunjia mkwe heshima hata siku moja. Aligeuza njia kila jioni kwa sababu ya heshima. Lakini heshima gani hiyo, ndugu zangu, inayojua kugeuka tu? Angeweza kutoka sebuleni saa moja kwa siku, akakaa barazani na wazee wenzake, bibi akapita. Angeweza kumwambia mkewe neno moja, "Mama yuko nje." Maneno matatu! Badala yake alisema moyoni, wanajua wenyewe. Ni wangapi humu tumeona mtu amekaa chini nje ya ukuta, tukageuza njia, tukasema wanajua wenyewe? Ndugu yako na mkewe hawasemezani, wewe unajua sababu, umekaa nayo. Jirani haji kanisani tangu mwaka jana, wewe unajua aliyemkwaza, umekaa naye kwaya moja.

Nasi kama kanisa tusijifiche. Kamati imeleta pendekezo, tuweke geti kubwa la chuma mbele, na kale kageti kadogo ka upande wa reli tukazibe, eti kanaharibu sura. Mimi nimesoma pendekezo, sijaweka sahihi. Nataka kwanza mtu anitajie majina ya wanaopita kageti kale. Mmoja mmoja. Mungu wetu nina hofu naye, ana tabia ya kuja kwa mlango wa nyuma, amevaa kanga ya kufulia.

Siwaombi mkajenge kitu. Mkifika nyumbani leo, kabla hujavua viatu, kabla hujauliza chakula kiko wapi, zunguka nyuma ya nyumba yako. Tazama ukuta, chini, kimo cha mtu aliyekaa. Kama kuna mahali chokaa imebanduka, usiseme ni mbuzi.

Na yule ambaye mama yake yu hai, aende leo, si Jumapili ijayo. Asimpelekee hotpoti na kuondoka. Akae. Amwulize, "Mama, ungependa kupitia wapi?" Kisha anyamaze mpaka ajibiwe.

Tusimame tuombe. Na wale ambao hatuna tena wa kumwuliza, tubaki tumekaa kidogo.